Saa Mbili na Nusu

“Nani anasema uongo, wewe au simu?”

Binti yangu aliniuliza hivyo Jumapili, tukiwa stejini tunangoja matatu. Bibi yake alikuwa amepiga simu kuuliza tumefika wapi, nami nikamjibu kuwa ni saa nane na nusu na bado hatujapata gari. Mtoto, ambaye siku hizi husoma kila namba anayoiona, akakodolea macho kioo cha simu: 2:30. Nikamwambia sote wawili tunasema kweli, kwamba saa za Kiswahili huhesabiwa tangu jua kuchomoza. Akaridhika, akarudi kwenye hindi lake la kuchoma. Mimi sikuridhika. Njia nzima akilini nilimwona nyanya mmoja wa Kilifi, niliyemkuta zamani kwenye benchi la kliniki.

Ilikuwa Eastlands, Nairobi, enzi za kompyuta zenye mgongo mrefu. Nilikuwa nimehamisha madaftari ya miadi na kuyaingiza kwenye Microsoft Access, programu ya kuhifadhi kumbukumbu kwa majedwali, na karani wa mapokezi alikuwa na ombi moja tu: jedwali lilikuwa pana mno. Kila alipotaka namba ya simu ya mzazi ilimbidi aburute ukurasa kando, huku foleni inamtazama. Ombi la haki kabisa. Nikaandika mistari michache ya msimbo ili safu ya saa ioneshe alama tano za kwanza peke yake. “02:30 PM” ikabaki “02:30”. Jedwali lote likaenea kwenye kioo, karani akashukuru, nami nikaenda kushughulikia mengine. Kwa wiki kadhaa alinakili kwenye kadi kile alichokiona.

Nyanya alikuja asubuhi, mjukuu mgongoni. Nilimpita mara ya kwanza nikibeba karatasi za printa. Nikampita tena nikienda kunywa chai ya saa nne. Mara ya tatu ilikuwa imegonga saa sita, benchi limebaki naye peke yake, mtoto amelala mapajani mdomo wazi, shavu limegandamana na leso.

“Shikamoo, nyanya.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umehudumiwa?”

“Bado. Naambiwa daktari hajaja. Lakini mimi nimekuja kwa wakati wangu.”

Akafungua fundo kwenye pindo la leso. Ndani mlikuwa na noti ya shilingi hamsini, na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Akaitandaza juu ya goti lililokuwa huru, akaipiga pasi polepole kwa upande wa kidole gumba, mkunjo mmoja baada ya mwingine, akichunga asimwamshe mtoto. Kisha akaweka ukucha wenye hina iliyofifia chini ya wino wa karani.

“Si hii hapa? Mbili na nusu. Nimetoka kwa mwanangu Dandora jua halijatoka, nisichelewe.”

Nilitazama ule ukucha kwa muda. Sifuri, mbili, nukta mbili, tatu, sifuri. Mtu aliyehesabu saa za maisha yake yote kwa jua, angesoma nini kingine? Hakukosea hata herufi moja. Daktari wa watoto alikuwa akiingia saa nane na nusu mchana. Saa sita kamili za kungoja, wala si dakika moja pungufu, na mtoto ana homa.

Nikamwambia, “Nyanya, kosa ni letu.”

“Si lako wewe, mwanangu. Ni la hao walioandika.”

Sikumwambia kwamba hao ni mimi. Nilimletea chai na mkate, nikazungumza na sista, na daktari alipoingia wao wakawa wa kwanza. Mtoto akapewa dawa, wakaenda.

Jioni hiyo sikutoka. Nilifungua jedwali nikakuta ndani yake kila kitu ni sahihi. Access huhifadhi saa kama sehemu ya siku: adhuhuri ni 0.5, na saa nane na nusu mchana ni 0.604 na kidogo. Namba ile haikuwa imeguswa. Nilichokuwa nimekata ni vazi lake, na watu husoma vazi.

Nikaanza kulishona upya. Niliagiza kwa msimbo sifa ya Format ya safu ile, yaani ile inayoamua namba ioneshwe vipi, ibadilike, nikarudishiwa kosa namba 3270: sifa haipatikani. Safu haina sifa hiyo mpaka mtu aiweke mara ya kwanza. Lazima uiunde kwa CreateProperty, kisha uiambatishe kwa Append. Nilipofaulu, kumbe nimeweka muundo wa tarehe badala ya wa saa, na safu nzima ikajaa 30/12/1899, mstari baada ya mstari. Hiyo ndiyo siku sifuri ya Access. Saa isiyo na tarehe huangukia hapo. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwishoni mwa Mei mwaka uleule, na mimi nimewaandikia watoto wa Eastlands miadi kwenye kambi ya reli yenye miezi saba.

Nikarekebisha, nikaipa safu upana wa inchi nzima, yaani twipu 1440 kwa kipimo cha Access, hata kama karani angelazimika kuburuta tena. Halafu nikaandika kile ambacho ningepaswa kuandika tangu mwanzo. Chukua saa, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, shika baki. Baki ikiwa sifuri, andika kumi na mbili. 14 na 6 ni 20, baki ni 8: saa nane. Hesabu ilinichukua dakika tano. Maneno yalinichukua usiku. Kasorobo inadai saa inayofuata, si iliyopo. Na saa kumi je, ni alasiri au ni jioni? Sista wa zamu alisema alasiri, mlinzi akasema jioni, wakabishana mlangoni mpaka gari la wagonjwa likawaachanisha. Niliandika alasiri, na sina hakika mpaka leo.

Kuanzia wiki ile kadi zilibeba saa zote mbili: 2:30 PM, saa nane na nusu mchana.

Kabla ya kuzima kompyuta nilifanya jambo moja zaidi. Nililipanga jedwali kwa safu ya “Hakufika”. Alama zilirundikana kwenye miadi ya mchana kuliko ya asubuhi. Wengine labda walikosa nauli, wengine watoto walipona. Nikamuuliza mlinzi. Akasema ndiyo, wapo kina mama wanaokuja mapema, wakiambiwa daktari hayupo, huzunguka kidogo pale getini, kisha huondoka.

Nilitafuta namna ya kuwajua ni akina nani. Jedwali lilikuwa na jina, simu, umri wa mtoto, tarehe na saa. Safu ya aliyekuja akarudi sikuwa nimeiweka.