Siku majibu ya mpwa wangu yalipotoka Bara

Mpwa wangu alianza na uvimbe chini ya sikio, mdogo kama kokwa ya tende. Baadaye tezi ya pili ikatokea ikaungana na ya kwanza, ngozi ikawiva, ikapasuka na kutoa usaha mzito. Hakukohoa hata siku moja. Pale Wete, Pemba, walikuwepo waliosema mtoto kapatwa na kijicho. Mimi nilikuwa nikifanya kazi kliniki ya kifua kikuu na nilihisi ni TB ya tezi. Mashine ya GeneXpert ikathibitisha, akaanzishiwa dawa.

Kwa wagonjwa wengi uchunguzi huishia hapo, na hilo linaniuma mpaka leo. Mashine ile hutambua jamii nzima ya vijidudu vya TB, lakini haikwambii kama ni Mycobacterium tuberculosis, kile kilichozoeleka kwa watu, au Mycobacterium bovis, cha ng'ombe. Bahati yetu, usaha wake ulichukuliwa pia kwa ajili ya utafiti, ukapelekwa maabara Bara kuoteshwa. Vijidudu hivi huota kwa wiki kadhaa. Tukasubiri.

Siku majibu yalipokuja, daktari aliniita akanigeuzia kompyuta. Palikuwa na mstari mmoja wa miraba 43, myengine myeusi, myengine myeupe. Kila mraba ni kipande cha DNA ya kijidudu: kipande kikiwepo, mraba ni mweusi, kisipokuwepo, mweupe. Daktari akaweka ncha ya kalamu mwisho wa mstari. Kuanzia 39 hadi 43, kote kweupe.

"Hii ya ng'ombe," alisema.

Kisha akanionesha pengo jengine, kutoka 3 hadi 7. Ndiyo alama ya ukoo wa bovis unaopatikana kwa ng'ombe wa Afrika Mashariki.

Papo hapo nikamfikiria mama. Mtoto yule alilelewa kwake, shamba upande wa Konde, na kila alfajiri mama alikuwa akikama na kumpa kikombe cha kwanza, maziwa yangali na joto la kiwele. Kwake yeye, maziwa yakichemshwa yanapoteza nguvu.

Dawa zilibadilika siku ile ile. Miongoni mwa dawa nne za mwanzo imo pairazinamaidi, na bovis kwa maumbile yake haisikii dawa hiyo. Kwa hivyo tiba iliyokuwa iishe kwa miezi 6 ikapangwa kuwa ya miezi 9. Bila ya mstari ule tungeikatiza njiani huku tukidhani amepona.

Jioni nilikwenda kwa mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemtia maradhi mjukuu wangu?"

"La, mama. Ng'ombe anaweza kuwa nayo na ukamwona kanona, anakamika vizuri. Ungejuaje?"

Bwana mifugo alikuja akawapiga ng'ombe shingoni sindano ya tuberkulini, ya kupimia TB, akarudi baada ya saa 72 kupima ngozi kwa kipimio. Mmoja alikuwa amevimba. Kuapa kuwa ndiye yeye siwezi: kijidudu chake hakikuoteshwa, na hata mistari miwili ikifanana, ukoo mmoja huweza kuenea mazizi mengi. Lakini maziwa yake yalikuwa yakiuzwa.

Mama mwenyewe ndiye aliyenitajia nyumba za wanunuzi, akajifunga kanga tukaenda pamoja. Kila mlango alikuwa akisema yeye, mimi nimesimama nyuma: "Yachemsheni mpaka yafure. Na haya mliyonayo leo, yamwageni." Hakuna aliyembishia.

Katika nyumba moja tulimkuta mtoto wa skuli amefungwa kitambaa shingoni. Nikamwomba mama yake nikifungue. Kesho yake alikuwa kliniki, na safari hii niliomba mwenyewe usaha upelekwe kuoteshwa.