Taa za Stesheni ya Voi: Kumbukumbu ya Mradi Wangu wa Reli Ndogo

Reli zimekwisha kutandazwa na majengo yamesimama, kwa hiyo sasa nimeingia katika hatua niliyoingoja kwa hamu kuliko zote: kuweka taa katika mfano wangu wa stesheni ya Voi ya mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 zilipovuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Kipimo ni 1:87, hivyo njia ya reli yenye upana wa mita moja inawakilishwa vyema na ile ya milimita 12.

Nashikilia kwamba usiku hujengwa kwa giza kwanza. Taa za LED zenye uwezo wa kupitisha miliampia 20 zinamulika kupita kiasi katika kipimo hiki, na ndiyo maana kila moja nimeiunganisha na umeme wa volti 12 kupitia rezista ya omu 10,000, ili ipate chini ya miliampia moja tu. Ndani ya majengo, kuta za plastiki zilipakwa rangi nyeusi kuzuia mwanga usipenye, kisha nyeupe juu yake ili uakisiwe ndani ya chumba. Ofisi ya stesheni masta inawaka; ghala halina taa, na litabaki hivyo.

Rangi ya mwanga imenishughulisha zaidi. Chemli hutoa mwanga wa manjano iliyokolea, karabai hutoa mweupe zaidi, na ukizifananisha hizo mbili umeipoteza stesheni. Chemli ya mpiga kengele ni LED yenye urefu wa milimita moja na upana wa nusu milimita, iliyolehemiwa kwa waya mwembamba kama unywele na kupakwa tone la rangi ya chungwa inayopitisha mwanga.

Nguzo za ishara za reli, zile zenye mkono unaopanda na kushuka, nazo zina siri yake: kioo cha "njia salama" katika enzi ya taa za mafuta kilielekea kwenye buluu, kwa kuwa mwali wa manjano ukipita humo huonekana kijani. Nimetumia utaratibu huohuo, kioo cha buluu mbele ya LED nyeupe yenye mwanga wa kimanjano, na kijani kilichopatikana ni chenye ukungu kidogo, kizuri mno.

Voi iko karibu na ikweta, hivyo jua likizama giza halikawii. Ili kuiga machweo hayo taa hufifishwa polepole, lakini ufifishaji wenye ngazi 256 unaonyesha mruko dhahiri mwanga unapokaribia kuzimika, kwa sababu kushuka kutoka ngazi ya 2 hadi ya 1 ni kupoteza nusu ya mwanga kwa mara moja. Chipu ya PCA9685, inayodhibiti mwanga wa LED kwa ngazi 4,096, imeondoa tatizo hilo.

Kinachofuata ni mabehewa ya abiria. Umeme unaochukuliwa na magurudumu hukatika kila penye vumbi, kwa hiyo kila behewa litawekewa kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo wa kuziba mikatiko hiyo, chini ya paa kabla sijagusa taa yoyote ya ndani.