Eliya hakukemewa chini ya mretemu

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimechelewa kuandika na nisiwadanganye, sio shughuli, ni kwamba sikuwa na hamu. Siku 11 daftari langu la uzito lilikaa tupu. Wenye ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi wanajua naongelea nini, kila asubuhi ukitoka chooni unapanda mizani kabla hujala, unaandika, maana ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 huko sio kunenepa, ni maji yanajaa mwilini na inabidi uwapigie kliniki. Kazi ya dakika moja. Mizani iko hapo chini ya kitanda, naiona, nageukia ukutani.

Sikuwa na hasira na Mungu wala nini, nilikuwa tu sioni sababu. Chakula hakina chumvi, maji ya kunywa napimiwa, usiku nalala kwenye mito mitatu kama nimekaa, na kwaya niliyoimba miaka yote pumzi haifiki hata mwisho wa ubeti. Mtu akikuuliza hali unasema namshukuru Mungu, basi.

Jumatano kliniki nesi alipomaliza kubonyeza miguu yangu akaniuliza maswali mawili tu: wiki 2 hizi umekosa raha na vitu ulivyokuwa unavipenda? Umejisikia huzuni au kukata tamaa? Nikataka kujibu namshukuru Mungu, machozi yakatangulia. Akaniambia karibu mmoja kati ya wagonjwa watano wa aina yetu ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, ila inajificha, maana uchovu, usingizi wa kukatika na kukosa hamu ya kula ni dalili za moyo na ni za sonona pia, kwa hiyo kila kitu tunausingizia moyo. Na mwenye sonona huacha dawa, huacha mizani, anarudi wodini. Nikajiona mimi mwenyewe katika kila neno lake.

Nilipofika nyumbani nikafungua 1 Wafalme 19. Eliya, yule yule aliyeita moto ukashuka, yuko chini ya mretemu, kile kichaka cha jangwani, anasema yatosha, anaomba afe. Malaika hakumuuliza imani yako iko wapi. Alimgusa, akamwambia ale, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili na chakula kwa sababu safari ilikuwa kubwa kwake. Maongezi na Mungu yalikuja baadaye kabisa, huko mlimani.

Sasa mnisamehe, sisi tunakemea. Mwezi uliopita ndugu yangu katika Bwana alisimama pembeni ya kitanda changu akakemea roho ya huzuni kwa sauti mpaka watoto wakaamka, kisha akaniambia mwenye Yesu hana sonona. Nikasema amina. Alipoondoka nikabaki na moyo mbovu, na huzuni, na juu yake aibu. Jamani! Mbona miguu ikivimba hatuikemei, tunaenda hospitali? Na mimi sijitoi, zamani kuna mama mgonjwa nilimwambia afurahi katika Bwana siku zote, nikamwachia andiko nikaenda zangu, sijui alilia kiasi gani nyuma yangu. Ukitaka kumsaidia mgonjwa fanya ya malaika, mpikie bila chumvi, kaa naye hata kimya, mtembeze taratibu mpaka getini mrudi, halafu urudi tena. Hiyo ya kurudi ndio inatushinda, mara ya kwanza tunaenda kundi zima na nyimbo, mara ya pili hayupo mtu.

Na wewe unayeumwa, sema. Kuongea na mshauri kunasaidia kweli, na kama ni dawa basi aandike daktari anayezijua zote unazomeza, usijinunulie wala usichanganye na mitishamba, kuna dawa za sonona zinazovuruga mapigo ya moyo. Na kama umefika pale pa Eliya pa kuomba kufa, usingoje Jumapili, mwambie mtu leo leo.

Mimi nimeanza na mshauri juzi. Bado nzito, Zaburi 73 inakiri kabisa kwamba mwili na moyo hupunguka, na hilo wiki hii limenishika kuliko aya zote za ushindi. Leo asubuhi nimepanda mizani, imezidi kilo moja na nusu, nimeandika, nimewapigia, wamesema nifike kesho asubuhi. Niombeeni. Na atakayeweza kupita jioni apite, mlango hatufungi, ila sauti chini, watoto watakuwa wamelala.