Mkono mgonjwa huvaa kwanza

Mwaka wa tatu wa diploma ya uuguzi nilipangiwa wodi ya wanaume, hospitali moja mkoani Tanga. Mahitaji 14 ya msingi ya binadamu, yaliyoorodheshwa na nesi Virginia Henderson, nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani tu. Aliyeniteka ni Dorothea Orem, nesi wa Kimarekani aliyetoa kitabu chake mwaka 1971: mtu mzima hujitunza mwenyewe, na nesi huziba pengo pale anaposhindwa. Hawezi kitu, mfanyie yote. Anaweza nusu, gawaneni. Anaweza ila hajui, mfundishe.

Kitanda cha tisa alilala mzee mmoja, fundi cherehani. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikaondoka na maneno yake pia. Mkewe hakubanduka pale. Uji kwenye chupa ya chai, kanga za kubadili, kumwogesha, kumlisha, kumfuta mate, yote yake. Mimi kwenye mpango wangu wa uuguzi nikaandika kwamba mzee anaweza nusu. Asubuhi nikaweka beseni upande wa kushoto, nikamshikisha kitambaa, bibi nikamwomba asogee.

Akasogea. Mzee akahangaika na uso na kifua, maji yakilowesha shuka, mgongo na miguu nikamalizia mimi. Ndugu wa mgonjwa wa jirani akasema, wala hakunong'ona, kwamba manesi wa siku hizi wavivu. Baadaye nilimkuta bibi nje kwenye ngazi, analia.

"Mwanangu, umri wote huu nimeishi naye. Leo watu waseme nimemtupa?"

Sista wa wodi alisoma mpango wangu wote, akaniuliza kitu kimoja: "Bibi yuko wapi humu?"

Hakuwamo. Na Orem nisimsingizie, maana nadharia yake inamtambua anayemtunza ndugu asiyejiweza. Kurasa hizo nilizipita kwa sababu hazikuwa na swali la mtihani.

Kesho yake nikamwomba bibi tumvishe mzee shati pamoja. Nikamwonyesha: mkono mgonjwa huvaa kwanza, na wakati wa kuvua hutoka mwisho, usije ukalivuta bega lililolegea. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi darasani. Vifungo, nikamwambia, tumwachie mwenyewe. Mtu aliyeshona vifungo maisha yake yote, sasa kimoja tu kinamtoa jasho, kinateleza, anakifuata tena. Mwishowe kikaingia, lakini tundu si lake. Bibi akanyoosha mkono arekebishe. Mzee akausukuma.

"Kumbe ukali bado anao!" Akarudi kuketi, akacheka mpaka akajifunika kanga usoni.

Raundi ilipofika, daktari aliliangalia lile shati lililokaa upande, akauliza nani kamvisha mgonjwa. Nikafungua mdomo nijieleze.

"Kavaa mwenyewe," bibi akasema.