New Haven, kwenye makaratasi ya Asakawa

Kutoka stesheni ya Grand Central, New York, treni huchukua kama saa mbili kufika New Haven, sehemu kubwa ya njia ikiambaa na pwani ya Connecticut. Nilikuwa namfuata mtu aliyefariki mwaka 1948: Kan'ichi Asakawa, Mjapani aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Yale kwa zaidi ya miaka thelathini, na makaratasi yake yakabaki hapo hapo chuoni.

Maktaba ilikuwa bado haijafunguliwa, basi nikaanzia makaburini. Makaburi ya Grove Street yapo jirani kabisa na chuo. Lango lake ni la mawe, limejengwa kwa mtindo wa Misri ya kale, na juu yake pamechongwa maneno yasemayo kwamba wafu watafufuliwa. Humo amezikwa Noah Webster, mtunga kamusi maarufu wa Marekani, na humo humo yupo Asakawa. Ujirani huo ulinigusa. Kule Fukushima alikokulia husimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi alikariri kamusi nzima ya Kiingereza, ukurasa aliokwisha kuushika akiutafuna, na majalada yaliyobaki akayafukia chini ya mti wa cheri shuleni. Hata kama wasimulizi wameongeza chumvi, mtu niliyemsoma baadaye mle maktabani angeweza kabisa kufanya hivyo.

Alizaliwa mwaka 1873 katika mji wa Nihonmatsu, mtoto wa samurai wa upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1868. Alisoma Tokyo katika chuo ambacho leo ni Waseda, akavuka bahari kwenda chuo cha Dartmouth, Marekani, kisha Yale, na mwaka 1902 akapata udaktari kwa utafiti juu ya mageuzi ya utawala wa Japani ya mwaka 645.

Maktaba ya Sterling ukiiona kwa mara ya kwanza utadhani ni kanisa kuu. Kwenye chumba cha nyaraka unajiandikisha, begi unaliacha nje, kalamu ya wino hairuhusiwi. Unaingia na penseli. Maboksi huagizwa mapema, nawe unafungua jalada moja kwa wakati, ukitunza mpangilio wa karatasi kama ulivyoukuta. Kuna shajara, barua alizopokea na rasimu za barua alizotuma. Hizo rasimu ndizo zilizonishika. Kwa wengi wetu barua ikishatumwa imekwenda, lakini yeye alibaki na upande wake wa mazungumzo, na leo tunaweza kufuata fikra zake mwaka hadi mwaka.

Nje ya maboksi hayo kuna kazi yake nyingine kubwa, iliyo kwenye rafu. Mwaka 1906 alirudi Japani kukusanya vitabu na kunakilisha hati kwa ajili ya Yale na Maktaba ya Bunge la Marekani. Aliporejea alikabidhiwa usimamizi wa mkusanyo wa vitabu vya Asia Mashariki, akaushika hadi kufa kwake. Katika safari ya pili alifika Iriki, kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu, akakuta hati za ukoo ulioshikilia ardhi ya huko kwa karne nyingi. Alizitafsiri na kuzifafanua moja moja, na mwaka 1929 zikatoka kitabuni. Kwa kitabu hicho wanahistoria wa Ulaya, akiwemo Marc Bloch wa Ufaransa, waliweza kuulinganisha ukabaila wa kwao na wa Japani wakiwa na ushahidi mkononi.

Mimi lakini nilikuwa nimekwenda kumtafuta Asakawa wa maonyo. Mwaka 1904, Japani ilipopigana na Urusi, aliitetea nchi yake mbele ya Wamarekani kwa kitabu na mihadhara. Japani ikashinda. Mwaka 1909 akatoa kitabu kingine, safari hii kwa Kijapani: aliwaambia wenzake kwamba wanayoyafanya Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, yanavunja ahadi walizopigania, na kwamba njia hiyo itawafikisha kwenye vita na Marekani. Kuitetea nchi yako ugenini kunakupa heshima nyumbani. Kuionya wakati bado inasherehekea ushindi kunahitaji moyo wa namna nyingine, na ndiyo sababu namheshimu kuliko wasomi wengi wa rika lake.

Novemba 1941 alijaribu tena. Aliandaa rasimu ya barua ambayo Rais Roosevelt angempelekea Mfalme Hirohito, akaipitisha kwa rafiki yake Langdon Warner wa Harvard, aliyeifikisha kwa watu wa Washington. Roosevelt alituma ujumbe kweli, tarehe 6 Desemba, ila maneno yake yalikuwa mbali na yale ya Asakawa. Tokyo simu hiyo ya maandishi ilizuiwa kwa saa nyingi; ilipomfikia mfalme, ndege za Japani zilikuwa zinakaribia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii.

Sasa Asakawa alikuwa raia wa nchi adui, akikaribia kutimiza miaka sitini na minane. Chuo hakikumtupa. Alistaafu mwaka 1942, akabaki New Haven vita vyote, akiwaandikia marafiki zake juu ya Japani itakayofuata baada ya kushindwa.