Siku Moja Sokoni Tandale, Kati ya Mizani na Maandiko

Saa kumi na moja alfajiri. Hufungua kibanda changu cha nafaka katika soko la Tandale, Dar es Salaam, kabla jua halijachomoza, kwa kuwa malori kutoka bara huingia usiku na mwenye mzigo hapendi kungojeshwa. Nyumbani tumekwisha kusoma Kumbukumbu la Torati 25, pale ambapo mtu anakatazwa kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, moja kubwa na jingine dogo. Nimeuza mahindi, maharage na mchele kwa miaka mingi, wala sijaona aya inayoijua kazi yetu kuliko hiyo, maana mfanyabiashara wa nafaka ni mnunuzi asubuhi na muuzaji mchana, na kishawishi chake kikubwa ni kununua kwa kipimo kirefu na kuuza kwa kifupi.

Saa kumi na mbili. Fuso limefika kutoka Kibaigwa, mkoani Dodoma, na mzee mwenye mahindi amesafiri na mzigo wake. Magunia yote ni lumbesa. Gunia la kawaida hujazwa debe sita, lakini lumbesa huongezewa kilemba kilichoshonwa kwa kamba, likabeba debe la saba na pengine la nane, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Kanuni za vipimo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema jambo hilo mara nyingi, ila desturi ya soko ni ngumu kufa. Dalali ananisogelea na kuniambia, “Bosi, wenzako wote wanachukua kama lilivyo.” Namwamkia mzee, kisha naagiza kila gunia lipandishwe kwenye mizani mbele ya macho yake, naye alipwe kwa kilo.

Jambo linalonishangaza ni lile neno la Luka 6:38, ambalo makanisani kwetu husomwa sana wakati wa kutoa sadaka: kipimo “cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika”. Hiyo ndiyo lumbesa yenyewe, namna inavyojazwa hadi kufungwa. Tofauti ni kwamba Bwana Yesu alisema na watu watoao, nasi tumeigeuza kuwa haki ya mnunuzi kumdai mkulima. Kupima kwa kilo kunanipunguzia faida, na jirani yangu anayenunua lumbesa anaweza kuuza kwa bei ya chini kuliko mimi. Sioni sababu ya kulificha hilo, kwa kuwa Maandiko hayakuniahidi kwamba mizani ya haki italipa zaidi mwisho wa mwezi.

Saa tatu asubuhi. Wateja wa rejareja wameanza kumiminika. Mizani ya mezani ina stika ya uhakiki wa mwaka huu, nami huigeuzia kwa mteja ili asome mwenyewe. Kijana anayenisaidia ameuliza kama tunaweza kuchanganya mchele wa kawaida na ule wa Kyela, kwa vile jina la Kyela huvuta bei na mnukio kidogo tu humtosha mnunuzi asiye mzoefu. Nimemwonyesha Amosi 8, ambako nabii anawashutumu wafanyabiashara wanaongoja sabato ipite ili wauze nafaka, wakipunguza kipimo na kuuza hata takataka za ngano. Amecheka, akasema nabii huyo bila shaka alipita sokoni kwetu. Chenga tunaziuza pia, lakini katika gunia lake, kwa jina lake na kwa bei yake. Nimeona maduka mengi yaliyoandikwa aya kubwa juu ya mlango, na binafsi ningependa kuona aya hiyo ndani ya gunia la mchele kwanza.

Saa sita mchana. Mama lishe mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, amekuja uso ukiwa umemshuka. Mtoto aliugua, mtaji ukaishia kwenye dawa, na sasa anataka mchele na maharage kwa mkopo. “Baba, nitakuachia sufuria yangu kubwa, ile ya pilau, mpaka nikulipe,” amesema. Dhamana ni jambo la kawaida hapa, na wapo wanaochukua simu, baiskeli, hata majiko. Lakini Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu atwaaye jiwe hilo hutwaa uhai wa mtu. Na sufuria ya mama lishe ndiyo jiwe lake, kwani nikiifungia stoo kesho hatapika, na asipopika hatanilipa. Nimempimia alichohitaji, tukaandika deni katika daftari, sote wawili tukatia sahihi, naye ameondoka na sufuria yake. Huruma haijanizuia kuandika.

Saa tisa. Wanawake wanaookota nafaka zilizomwagika wamefika na fagio na ungo. Baadhi ya makuli huwafukuza. Mimi nimewaomba wangu wawaache, maana Walawi 19 iliwaachia maskini na wageni masazo ya mavuno, na Ruthu aliishi kwa masazo hayo katika shamba la Boazi.

Saa kumi na moja jioni. Makuli wanalipwa wote, taslimu, kabla sijahesabu changu. Torati inataka kibarua apewe ujira wake kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautumainia. Anayeambiwa “njoo kesho” hulazimika kukopa unga usiku huohuo.

Saa moja usiku. Nampigia simu mkulima wa maharage kule Mbozi, ambaye madalali wamemwambia kwamba bei ya Dar es Salaam imeanguka. Haijaanguka. Mithali 20:14 inamjua vizuri mnunuzi anayesema “haifai kitu” kisha akaenda zake akijisifu. Namtajia bei niliyouzia leo, namtajia nauli na ushuru, namweleza faida ninayotaka kubaki nayo, kisha tunakubaliana alete mzigo Alhamisi, maharage yakiwa yamechambuliwa mawe, na magunia yasiwe na kilemba.