Kumbukumbu ya mradi: hewa ukaa kampasini, kuanzia jenereta hadi viyoyozi

Wiki ya 1 na 2. Chuo cha Nairobi kinachotaka kufikia kaboni sifuri hukimbilia paneli za jua, na mfano mzuri upo: Chuo Kikuu cha Strathmore kina kilowati 600 za paneli juu ya mapaa yake tangu 2014. Hata hivyo, karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya tayari hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na vyanzo vingine safi. Kwa hiyo paneli hupunguza bili kuliko zinavyopunguza hewa ukaa. Hewa ukaa yenyewe hutoka nyuma ya majengo: jenereta, jiko na viyoyozi. Tumeanzia huko.

Wiki ya 3. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.68 za hewa ukaa. Jenereta ya kVA 200 (kipimo cha uwezo wake, sawa na kilowati 160 hivi) ikibeba nusu ya uwezo wake hunywa lita 25 hivi kwa saa, yaani kilo 67. Kuzidisha si kazi, tabu ni kupata lita za kweli. Stakabadhi huonyesha dizeli iliyonunuliwa, si iliyoungua, na basi la chuo likijazwa kutoka tangi lile lile, lita zake huingia mara mbili: kwa jenereta na kwa usafiri. Sasa tangi linapimwa kwa kijiti kila Jumatatu asubuhi, mita ya saa ya jenereta inasomwa papo hapo, na kila gari likijazwa lita zinaandikwa kando.

Wiki ya 5. Swali linalorudi kila kikao: stima ikipotea, paneli zitashika? Hazishiki. Inveta ya gridi, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uende na wa gridi, hujizima yenyewe ili isipeleke umeme kwenye nyaya ambazo fundi anazishika akiwa juu ya nguzo. Ili jua lisaidiane na jenereta, pafungwe kidhibiti kinachoiachia jenereta angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Kwa jenereta yetu ya kilowati 160 hiyo ni kilowati 48. Kampasi ikitumia kilowati 80, jua linaruhusiwa 32 tu. Mzigo wa jenereta ukishuka chini ya hiyo asilimia 30 kwa muda mrefu, silinda hazipati joto la kutosha na dizeli isiyoungua huvuja kwenye bomba la moshi, nyeusi na nzito kama lami.

Wiki ya 6 hadi 8. Viyoyozi, na hapa ndipo pa kukazania. Kilo moja ya R-410A, gesi ya kupoza iliyomo ndani ya viyoyozi, ikivuja ni sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa: lita 780 hivi za dizeli. Kiyoyozi cha ofisi moja hubeba takriban kilo hiyo. Daftari la matengenezo husema "servisi, gesi imeongezwa", bila uzito, na kisichopimwa hakihesabiki. Utaratibu mpya: mtungi unawekwa kwenye mizani kabla na baada ya kazi, tofauti inaingia kwenye lahajedwali siku hiyo.

Gesi haiongezwi kabla uvujaji haujapatikana. Povu la sabuni hupakwa kwenye nati za kizio cha nje. Mara nyingi mapovu madogo huchomoza pale bomba jembamba linapoingia. Sababu ya kawaida ni nati iliyokazwa kupita kiasi hadi mdomo wa bomba la shaba ukapasuka. Gesi iliyobaki inanyonywa kwa mashine hadi kwenye mtungi wake, haiachiliwi hewani. Bomba linakatwa, mdomo unapanuliwa upya, unatiwa tone la mafuta, kisha nati ya robo inchi inakazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, Nm (nyutoni-mita) 14 hadi 18. Halafu jaribio la naitrojeni kuona kama bado panavuja, pampu ya kutoa hewa ndani ya mabomba, na gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye kibati cha kiyoyozi. Kifaa kipya kinunuliwe cha gesi ya R-32, ambayo kilo yake ikivuja ni sawa na kilo 675 za hewa ukaa badala ya 2,088.

Kilichobaki: jiko. Gesi ya kupikia ni rahisi, kilo 3 za hewa ukaa kwa kila kilo. Kuni zitapimwa kwanza unyevu, kwa sababu gogo bichi linaweza kuwa nusu maji, na lori linalipwa kwa uzito.